Hati ya Ardhi Huulizwa Isnadi Yake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, nami sidhani kama kuna mali ambayo msemo huo unaihusu zaidi kuliko ardhi ya pwani yetu. Kutoka Vanga mpaka Kiunga ni vigumu kupata mji usiokuwa na kisa cha uwanja uliokuwa wa watu wote, au ujia wa kushukia baharini, au diko la kupandishia mashua, ambapo watu waliamka asubuhi wakakuta pamezungushwa ukuta na bawabu amesimama mlangoni. Wakiuliza, hujibiwa kwa maneno mawili tu: "Tuna hati." Na maneno hayo yakishatamkwa, wengi wetu hugeuka tukarudi nyumbani, tukidhani kwamba hapo mazungumzo yamekwisha.

Mimi nasema hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Katika kazi hii ya uandishi nimefuatia kesi nyingi za ardhi ya umma, na jambo moja limenidhihirikia. Jaji anayeijua kazi yake hatosheki kuonyeshwa hati. Huuliza: hati hii umeipata kwa nani? Na huyo aliipata kwa nani? Na yule wa kwanza kabisa, aliipataje? Sisi tuliopita chuoni na kukaa darasani misikitini hatupaswi kuyaona maswali haya kuwa mageni. Ndiyo yale yale ambayo wanazuoni wetu waliyauliza kuhusu hadithi kabla ya kuikubali.

AMANA YA WATU WOTE

Kwanza tufahamiane ni ardhi gani tunayoizungumza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeitaja ardhi ya umma kwa marefu na mapana: misitu ya serikali, mito na maziwa, barabara, ardhi zinazotumiwa na ofisi za serikali, hata bahari na sakafu yake. Na limo humo jambo ambalo kila Mpwani yafaa alihifadhi kwa moyo: ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mchanga ule unaofunikwa na kufunuliwa na maji, ambapo mvuvi hulaza ngalawa yake na watoto hucheza mpira maji yakishatoka, hauna mwenyewe mmoja.

Katiba inasema kwamba ardhi hiyo imewekwa mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kazi ya kuisimamia imepewa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Neno la jambo hilo sote twalijua. Ni amana. Na aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuiuza kwa tamaa yake, wala kumtunukia sahibu yake.

Fikra hii haikuletwa kwetu na meli. Chuoni tulifundishwa kwamba Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, aliwahesabu watu kuwa ni washirika katika maji, malisho na moto. Tulifundishwa pia kuogopa kuchukua japo shibiri moja ya ardhi kwa dhulma, kwa adhabu iliyoelezwa. Basi aliyetuzibia njia ya bahari alivunja mambo mawili kwa wakati mmoja, sheria ya nchi na adabu ya mji.

Sasa tulipotezaje? Jibu liko kwenye daftari. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani, ule wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze akaandikishe madai yake. Ardhi ambayo hakutokea mtu wa kuidai ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mwenye kujua kalamu akaandikisha, na asiyepata habari akabaki na minazi yake na kumbukumbu zake. Ulipokuja uhuru mwaka 1963, iliyokuwa ardhi ya Taji ikawa ya Serikali, na mamlaka ya kuigawa yakawa kwa Rais, na kwa Kamishna wa Ardhi katika yale aliyoruhusiwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2003 iliundwa tume ya kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma, ikiongozwa na wakili Paul Ndung'u, na mwaka 2004 ikatoa ripoti yake. Ilieleza jinsi ardhi zilizowekwa kwa manufaa ya wote zilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wenye vyeo na jamaa zao, mara nyingi kama tunzo za siasa. Kila mgao ulitoka na karatasi safi, yenye mhuri na sahihi. Ndipo lilipozuka swali lililowachosha majaji wetu kwa miaka mingi: karatasi safi yaweza kuitakasa ardhi iliyochukuliwa kwa njia chafu?

MNYORORO WA HATI

Mwanachuoni akiletewa hadithi hakimbilii uzuri wa maneno yake. Huuliza imepokewa na nani kutoka kwa nani, akaupanda mnyororo mmoja mmoja mpaka juu. Msimulizi wa mwisho aweza kuwa mcha Mungu, asiyepata kusema uwongo maisha yake yote. Lakini ikiwa juu yake yupo mmoja aliyezua, hadithi ile haisimami. Wema wa aliye chini haumsafishi aliye juu.

Kesi iliyoiweka wazi kanuni kama hiyo katika mambo ya ardhi ilitoka papa hapa Mombasa. Ni kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na iligombewa kiwanja kilichoko ufuoni, Nyali. Mwezi wa Septemba 2017 kaunti iliingia ikaubomoa ukuta ulioelekea baharini, ikisema inafungua njia ya umma ya kwendea ufuoni. Kampuni ikaenda mahakamani. Na hoja yake haikuwa ya mzaha: hati ilikuwa nayo, ilikuwa imekinunua kiwanja kwa fedha zake, na ilisema haikuwa na habari ya kasoro yoyote. Kwa sheria tuliyorithi kwa Waingereza, mnunuzi wa namna hiyo alikuwa akilindwa sana.

Majaji wakaupanda mnyororo. Kampuni ilinunua kwa kampuni nyingine. Hiyo nyingine nayo ilipata kutoka kwa aliyegawiwa kwanza, naye ni Daniel arap Moi, aliyepewa kiwanja hicho mwaka 1989 akiwa Rais wa nchi. Hapo swali likawa moja tu: siku ile ya 1989, kiwanja kile kilikuwa ni kitu cha kugawiwa? Ushahidi ulionyesha kwamba kilikuwa kimetengwa kuwa uwanja wa wazi. Kampuni ikashindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufani, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa katika Mahakama ya Juu.

Majaji wa Mahakama ya Juu walisema kwamba ardhi ikishatengwa kuwa uwanja wa wazi huwa imefungwa kwa matumizi ya umma, haiwi tena ardhi tupu inayongoja wa kupewa. Walitazama pia kama zilifuatwa hatua ambazo sheria inazitaka kabla ya ardhi ya serikali kugawiwa, wasizione. Wakasema hati ni mwisho wa safari, na kama safari yenyewe haikwenda kwa sheria, hati haina kinga. Wakaongeza kwamba kiwanja cha ufuoni ni kitu kinachotamaniwa na kila mtu, kwa hiyo mnunuzi alitakiwa atahadhari zaidi. Walikitegemea kifungu cha 40 cha Katiba, ambacho kinalinda mali ya mtu lakini kinakataa kuilinda mali iliyopatikana kwa kuvunja sheria.

Wapo wanaoiona hukumu hiyo kuwa kali. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini aliniuliza: ikiwa ofisi ya serikali yenyewe ndiyo iliyonipa karatasi, kosa langu mimi ni lipi? Swali lake ni la haki, na silipuuzi. Mtu huyo ameweka akiba ya maisha yake, pengine na mkopo wa benki juu yake. Lakini tazama na upande wa pili. Tukisema mnunuzi wa mwisho huwa salama daima, mnyang'anyi atakuwa na kazi moja tu, kuuza upesi. Fiqhi yetu ililiona jambo hili zamani: mwenye kukuta mali yake iliyoporwa mikononi mwa mtu ana haki nayo, na aliyenunua humfuata aliyemuuzia. Njiwa haachwi kwa mwindaji kwa sababu tu wavu wake ni wa gharama.

Miezi mitano baadaye, Septemba 2023, Mahakama hiyo hiyo ikatoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, Nairobi. Humo ikasema kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake haimpi mtu umiliki. Barua hiyo ni ahadi, na ahadi ina masharti yake na muda wake. Ndugu zetu wanaotembeza barua hizo mitaani wakitafuta wanunuzi, na ndugu zetu wanaotoa fedha kwa kuzitazama tu, wote na wasikie.

NANI ANA RUHUSA YA KULALAMIKA?

Mwaka ule ule wa 1989 kiwanja cha Nyali kilipotolewa, Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru. Mahakama haikufika hata kwenye kiini cha mambo. Ilimwambia kwamba yeye hakudhurika kuliko mwananchi mwingine yeyote, kwa hivyo hakuwa na kisimamo cha kushtaki, na kwamba mwenye haki ya kuusemea umma ni Mwanasheria Mkuu. Hebu fikiri, msomaji: kitu kikiwa cha watu wote, basi hakuna hata mmoja wa kukitetea isipokuwa serikali, na pengine serikali ndiyo inayokitoa. Jengo lile halikujengwa, lakini waliolizuia ni kelele za watu na wafadhili waliojitoa. Mahakama haikuwa na mkono.

Mlango huo umefunguliwa. Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya wengine au kwa manufaa ya umma, na katika mambo ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Ikaundwa pia mahakama maalumu ya mazingira na ardhi, kwa sheria ya mwaka 2011. Leo mvuvi asiyemiliki hata hatua moja ya ardhi aweza kusimama mbele ya jaji akasema: njia hii ni ya watu, nami ni mmoja wao.

MAJAJI NA MAMBO YA LAMU

Si kesi zote zinazohusu hati. Nyingine zinahusu maamuzi ya serikali juu ya ardhi na bahari ambayo hakuna anayekana kwamba ni ya umma. Hapa yafaa tufahamu mpaka wa kazi ya jaji, maana wengi hutoka mahakamani na masikitiko kwa kutoufahamu. Jaji hakai katika kiti cha waziri wala cha afisa wa ardhi. Hatakiwi kusema bandari ijengwe huku au kule. Anachokipima ni njia iliyofuatwa: aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alifuata hatua za sheria? Aliwasikiliza watakaodhurika? Aliyapima madhara kabla, au alifanya kwanza na kuuliza baadaye?

Mwaka 2012 Mohamed Ali Baadi na wenziwe wa Lamu walifungua kesi juu ya bandari mpya na mradi mzima wa LAPSSET. Walilalamikia uvuvi, mikoko, njia za vyombo kama mkondo wa Mkanda, na mila za mji wao wa kale, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Hukumu ilitoka mwaka 2018. Mahakama Kuu ilikubali kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba serikali ya kaunti iliachwa kando, na kwamba haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao iliguswa. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini bandari yenyewe haikubomolewa. Gati la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021.

Linganisha na kesi ya makaa ya mawe. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 huko Kwasasi, na mwaka 2016 ilipewa leseni na mamlaka ya mazingira. Chama cha Save Lamu na wenzao hawakungoja. Mwaka huo huo walikwenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kushirikisha watu: jopo liliona kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya maana ya kuisoma ripoti ya madhara na kutoa rai zao. Mkutano wa kugawa soda na kupiga picha si kushauriana.

Kesi mbili, mji mmoja, na hoja zinazofanana. Ya kwanza ilimalizika kwa fidia, ya pili kwa leseni kufutwa kabla ya kiwanda kujengwa. Zipo tofauti nyingine za kisheria, lakini mimi hutazama saa. Kitu kikishasimama, jaji hupima pia gharama ya kukiangusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi huku pwani twajua ni nani huwa anajenga hizo kuta.

KWENDA NA USHAHIDI

Nimesikia watu wakisema mahakama ni za wenye fedha. Sitadai kwamba hilo ni uwongo mtupu. Mawakili hulipwa, rufani huchukua miaka, na kutoka 2012 mpaka 2018 mvuvi wa Lamu alikuwa bado anakula na kusomesha. Lakini nimeona pia mambo mengine yanayotuangusha, na haya yamo mikononi mwetu. Twakwenda mbele ya jaji na machungu tele na mikono mitupu. Twasema, "Babu zetu walipita hapa." Jaji amwamini babu kwa lipi? Mtume mwenyewe aliwatahadharisha wagombanao kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba pengine mmoja ni hodari wa hoja kuliko mwenzake. Ikiwa yeye alisema hivyo, sembuse jaji wa Malindi au Mombasa?

Kanuni tuliyoisoma ni kwamba ushahidi ni juu ya mdai. Sheria ya nchi nayo inasema hivyo hivyo. Ila likishaonyeshwa shaka la kweli juu ya asili ya hati, mwenye hati halindwi tena na kuiinua juu tu. Hutakiwa aeleze ilikotoka. Basi kazi yetu ya kwanza ni kulileta shaka hilo kwa vielelezo. Kiwanja cha Nyali hakikurudi kwa machozi. Kilirudi kwa sababu palikuwa na kumbukumbu za kuonyesha kwamba kilitengwa kuwa uwanja wa wazi.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa kamati za wavuvi, za misikiti na za mitaa wafanye mambo machache. Tafuteni katika ofisi za upimaji ramani za mji wenu, mjue viwanja vya wazi, njia na makaburi yameandikwa wapi na yana nambari gani. Pigeni picha za madiko na njia zenu sasa hivi, wakati zingali wazi, na muandike tarehe. Wazee wanaokumbuka waandikiwe maneno yao na waapishwe mbele ya wakili, kwani mzee hangoji kesi. Mkiitwa mkutanoni juu ya mradi wowote, nendeni, semeni, na muhakikishe rai zenu zimeandikwa, kisha mbaki na nakala. Mkiona mawe na mchanga vinamwagwa mahali pa umma, andikeni barua kwa kaunti na kwa Tume ya Ardhi siku hiyo hiyo, mpigiwe mhuri wa kupokelewa. Barua yenye mhuri wa tarehe ni shahidi asiyezeeka.

Na wewe unayetaka kununua kiwanja cha ufuoni, usitosheke na upekuzi wa jina la mwenye nacho leo. Panda mnyororo. Uliza kabla yake alikuwa nani, na mwanzo kabisa ardhi ilikuwa ya nini. Ukiambiwa ilikuwa uwanja wa watoto, njia au makaburi, rudisha fedha zako mfukoni, japo hati ing'are kama dhahabu.

Walisema wahenga kilicho baharini kakingoje ufukoni. Nasi twangoja, lakini sharti ufuo wenyewe uwepo, na njia ya kuufikia iwe wazi. Wabillahi taufiki.